Makinisye wa Kabuluku

Makinisye aligusa kila kitu kwa mgongo wa mkono. Mlango wa nyumba yako, kikombe cha chai, paji la uso la mtoto mwenye homa, hata mkono wa padri siku ya sikukuu: kwanza mgongo wa mkono, kisha kiganja. Alisema kiganja ni mjinga, kinashika mbele ya kujua. Mtu wa kazi ya moto akiungua mgongo wa mkono bado anaweza kushika sepetu. Akiungua kiganja, kazi imekwisha, na bukari, ule ugali wa batoto, imekwisha pamoja nayo.

Sisi wa kambi ya Panda tulimwita Makinisye, mtu wa mashine, nami nitamwita vile. Jina lake la ubatizo nalijua, lakini yeye mwenyewe hakulipenda. Alisema lilimpendeza padri aliyelitoa, basi padri angekaa nalo.

Alikuwa mzee wa shodiere. Shodiere ni lile pipa la chuma la kuchemshia maji, na yetu ilikuwa kubwa kupita chumba walimozaliwa watoto wangu. Ilikaa katika nyumba ya maji ya moto, pembeni mwa kambi, na maji yake yalikwenda mahali pa kufulia mashuka na kwenye maternite, kule wamama wanakozalia. Mimi nilikuwa mtu wake wa kuni. Nilifanya naye kazi miaka mingi, akanifundisha yote ninayoyajua juu ya moto, na mwishoni nilimfanyia jambo baya. Ni mimi niliyewaambia wanunuzi wa vyuma saa gani waje kuivunja ile shodiere. Kisha nikamdanganya machoni. Naliandika hapa juu mapema msije mkafikiri nalificha. Nilikwisha kulificha vya kutosha. Uongo ule ulikaa kati yetu miaka, sawa mgeni asiyetaka kuaga, na nilikuwa naogopa mzee afe mbele ya mimi kuutoa.

Bon. Shodiere haikuzaliwa kambini. Ilikuwa moyo wa mashua.

Ile mashua wazungu waliiandika ubavuni jina la mwanamke fulani wa kwao. Watu wa mto hawakuwa na haja na yule mwanamke. Waliiita Kabuluku, yule mnyama mdogo wa porini anayekupita karibu na miguu ukabaki kuuliza ni nini kimepita. Ilifika Bukama kwa treni, vipande vipande, kila kipande na namba yake, ikaunganishwa kwa misumari ya moto palepale ukingoni. Makinisye wakati ule alikuwa kijana wa kupasha moto misumari. Anaitoa kwenye makaa ikiwa nyekundu, anairusha, mwingine anaidaka kwa ndoo. Alisema katika ubavu wa Kabuluku hakuna musumari hata mmoja ambao hakuujua ukiwa moto.

Mashua zingine za mto Lualaba zilikuwa za mizigo. Zilisukuma majahazi ya pamba na ya mafuta, pole pole, sawa bibi mwenye mimba akipanda mlima. Kabuluku ilikuwa ya watu na barua. Ilikuwa nyembamba, haikusukuma kitu, na tumbo lake lilikuwa karibu lote shodiere. Iliondoka Bukama, ikakata yale maziwa yenye mafunjo, ikapita Mulongo, ikapita Ankoro, mpaka Kabalo, ambako treni ya kwenda ziwa kubwa ilikuwa inangoja. Juu walikaa wazungu kwenye viti vya kitambaa. Chini walikaa weusi, kati ya moto na kuni na mbuzi. Makinisye alisema wote walifika saa ileile, tofauti ni macho mekundu.

Ilichukua siku ngapi? Hapo ndipo mzee alikuwa anabadilika. Leo anasema tatu. Kesho mbili na nusu. Siku moja tulikuwa na chupa ya munkoyo, kinywaji cha mahindi, iliyokaa sana ikachacha, akasema mbili.

Nikamwambia, "Makinisye, juzi ulisema tatu."

"Juzi nilikuwa napanda mto. Leo niko nashuka."

Sikumkasirikia. Mtu akiwa na kitu kimoja tu cha kujivunia, mwache akivute kidogo.

Lakini tazama: huyu mtu wa mbio alitembea sawa mtu anayehesabu mawe. Wakati ule kulikuwa bado na watu wa zamu ya usiku, basi tulitoka kazini pamoja. Mimi nilifika, nikaoga, nikala, nikakaa nje na baba jirani, ndipo Makinisye akapita mbele ya nyumba, mikono nyuma. Vijana wa kambi walimchokoza: "Makinisye! Kabuluku iko wapi leo?" Naye bila kugeuka: "Ilishakula miguu yangu. Munangoja yenu iliwe na nini?" Hakujua kuogelea pia. Miaka yote ile juu ya maji, na akiingia hata kijito cha Panda mpaka magoti alianza kusali. Nilimuuliza ilikuwaje. Akasema kazi yake ilikuwa kuangalia moto, maji yalikuwa na watu wao.

Na jambo la samaki. Alikuwa mtu wa mto asiyekula samaki. Mke wangu alimpikia siku moja kambale mzuri, na nyanya, akasukuma sahani pole pole kwa mgongo wa mkono. Mke wangu ni mtu wa maombi, alifikiri mzee amefungwa na wachawi, akataka kumwekea mikono. Ndipo Makinisye akatueleza, nami niliisikia hadithi ile mara nyingi baadaye, na hii peke yake hakuibadilisha hata neno.

Kabuluku ilikuwa na kosa moja, mawimbi. Ikipita mbio, wimbi lake lilienda mpaka ukingoni, likapindua mitumbwi, likapasua mitego ya samaki. Watu wa vijiji walipiga kelele, walimwambia shefu, shefu akamwambia mzungu, mzungu akasema barua haziwezi kuchelewa juu ya mitego. Bon. Sasa mashua ilikuwa inakula kuni, na kuni zilikuwa zinakatwa na walewale watu wa mitego. Kila kituo walikuwa wameziweka mafungu kando ya mto. Basi wakapatana bila mkutano. Kituo kimoja kiliweka kuni zake majini, miamba juu, juma zima, kisha wakazitoa siku moja mbele ya mashua kufika ili ngozi ikauke. Mashua inafika, unagusa: kavu. Mgongo wa mkono ulidanganywa siku ile, alisema, na haukudanganywa tena. Zilipoingia motoni zikaanza kulia na kutoa povu.

Mshale wa kupimia nguvu ukashuka. Mzungu wa mashine alikuwa amelala na malaria. Kapiteni juu anapiga kelele ndani ya bomba la kuongelea, moto unakufa, na mkondo pale ni mkali, mashua ikipoteza nguvu inageuzwa ubavu na kupelekwa kwenye mawe. Na kandokando ya mlango wa moto alikuwa amekaa mama mmoja wa Mulongo na vikapu sita vya kambale wa kukaushwa kwa moshi.

"Mama," Makinisye akasema, "samaki yako iko na mafuta?"

"Mafuta?" mama akajibu kwa kiburi. "Iko nachuruzika! Unataka ngapi?"

"Yote."

Mama akacheka, akamshukuru Mungu kwa mnunuzi. Kikapu cha kwanza kilipoingia mlango wa moto, kicheko kikakauka.

"We mwizi! We mulozi! Unapikia nani ile?"

"Napikia Kabalo, mama."

Vikapu sita vyote. Mshale ulipanda, mashua ikashika mkondo, ikapita. Na harufu! Wazungu wa juu wakatuma boyi kuuliza chakula kitakuwa tayari saa ngapi. Kufika Kabalo kapiteni akampa mama karatasi yenye mhuri badala ya pesa. Mama hakujua kusoma, Makinisye naye wakati ule hakujua. Alimwona mama akiondoka na vikapu vitupu kimoja ndani ya kingine, na karatasi mkononi, akiigeuza juu chini.

"Basi alikulaani usile samaki?" mke wangu akauliza.

"Hapana, mama. Hakunilaani. Ni aibu tu."

Tangu siku ile, alisema, alipokaribia mahali pa mitego alikuwa anapunguza moto bila kuamrishwa, na kapiteni akifoka anasema kuni ni mbichi. Kwa hiyo ukinihoji mimi, ile Kabuluku ya siku mbili haikuwahi kuwapo. Lakini sikumwambia.

Kwenye karatasi za kazi hakuwa makinisye. Hakuwahi. Karatasi zilisema ni mtu wa kutia kuni, kuanzia Bukama mpaka anazeeka. Mzungu wa mashine alikuwa anaumwa ao amelewa, Makinisye ndiye aliyeendesha, na mwisho wa mwezi kila mmoja alisaini mahali pake. Nilipomuuliza kama ilimwuma, alisema mashine haisomi karatasi.

Kilichoiua Kabuluku si mawe wala kuni mbichi. Ni reli. Walipounganisha Kamina na Kabalo kwa reli, watu wakaacha mto. Nani akae kati ya mbuzi na moto, na treni inakuchukua umelala? Mashua ikabaki Bukama imefungwa kwa kamba, bata wakaingia, kisha watu wakaanza kubomoa mbao za viti. Kampuni ya hapa Likasi ikasikia kuna shodiere nzuri inaoza. Ikanunuliwa, ikapakiwa juu ya wagoni. Ilishindwa na treni, na treni hiyohiyo ikaibeba. Makinisye alipanda wagoni ileile, akakaa nyuma yake njia yote amefunika kichwa kwa gunia sababu ya jua. Hapa Panda alisimamia mwenyewe kazi ya kuifunga, kila bomba, akilala palepale karibu na shimo la msingi.

Sasa niwaeleze desturi yake moja, maana bila hiyo hamtaelewa uzito wa nilichofanya.

Kwenye mashua moto hauachwi peke yake. Mtu akitoka, hata kwenda haja, anamkabidhi mwenzake. Anaweka mgongo wa mkono kwenye mlango wa moto, anasema: "Moto njo hii," yaani moto ndio huu. Mwenzake anaweka wake palepale, anasema: "Nimeshika." Ni maneno hayo tu. Lakini baada ya hapo moto ukizimika hakuna kuuliza upepo, hakuna kuuliza kuni. Anaulizwa aliyesema nimeshika. Makinisye alileta desturi ile nchi kavu. Mara ya kwanza nilicheka. Akasimama na mkono mlangoni mpaka kicheko kikaniishia chenyewe. Siku moja alikuja enjinia kijana wa Kampuni, mwenye tai, akasema mzee aende kupumzika, yeye ataangalia.

"Sema, patron," Makinisye akamwambia.

"Niseme nini?"

"Nimeshika."

"Mzee, minye ni enjinia."

"Ndiyo, patron. Enjinia anaweza kusema pia."

Wakasimama vile. Mwisho yule kijana akatazama kushoto, akatazama kulia, akasema nimeshika kwa sauti ya mtu anayeungama. Akaunguza mkono kidogo pia.

Haya yalikuwa mambo ya wakati mzuri. Kisha nchi ikaanza kuvunjika. Sijui kueleza vizuri, na waliosoma wameeleza. Mimi niliona hivi: kwanza makaa ya mawe hayakuja tena. Kisha mshahara ukachelewa, kisha ukaacha hata kuchelewa. Bunga ya Kampuni, ule unga tuliokuwa tunapanga mstari kuupokea, ikakoma. Pesa zikawa karatasi za kufungia karanga. Makinisye kwenye karatasi alikuwa amekwisha kustaafu, yuko retrete, lakini hakuna aliyekuja kumwondoa, maana hakuna aliyejua kuiwasha ile shodiere. Makaa yalipokwisha, akasema, "Bon, irudi chakula ya utoto wake." Tukaanza kuilisha kuni. Nilikwenda kuzitafuta mbali, kila mwezi mbali zaidi, mpaka karibu na njia ya Kakanda, na baiskeli.

Ni wakati ule watu wa asili ya Kasai walifukuzwa, wakakaa kwenye gare na masufuria yao na vitanda vyao, wakingoja treni zisizokuja. Watu tuliofanya nao kazi, tuliosimama nao misani. Ni aibu ya mji huu na sina maneno yake. Najua tu kwamba Makinisye alijaza maji ya moto ndani ya vibidoni, akafunga kwenye baiskeli yangu, akaisukuma mpaka gare, kwa ule mwendo wake, ili wamama waoshe watoto wachanga. Vijana wakamsimamisha njiani.

"Muzee, uko nasaidia nani?"

"Minye napeleka maji. Weye unapeleka nini?"

Wakamwachia. Alienda kila asubuhi mpaka gare ikawa tupu. Mimi nilimpa baiskeli. Kwenda, sikuenda. Niliogopa.

Basi njaa. Nilikuwa na watoto sita. Mke wangu alikuwa anafunga na kuomba kwenye chumba cha maombi, na sisi wengine tulikuwa tunafunga bila kuombwa. Tulikula mara moja kwa siku, saa kumi, ili usingizi uje karibu. Mtoto wangu wa tano alianza kuvimba miguu.

Wanunuzi wa vyuma walikuwa wamekwisha kula nusu ya Panda. Nyaya, mota, milango, vyote vilipanda malori kuelekea mpakani. Mmoja wao, mwenye koti la ngozi hata kwenye jua, alinikuta sokoni nikitazama mahindi ya watu.

"Baba, weye njo mutu wa kuni wa ule muzee?"

"Ni minye."

"Ile shodiere iko na shaba mingi. Lakini muzee haitoki. Iko nalala mule?"

"Iko nalala mule."

"Haina saa anatoka?"

Nikarudisha macho kwenye mahindi. Ningeweza kukaa kimya mpaka mwisho. Naye alikuwa anajua kungoja. Akaniambia atanipa nusu gunia la bunga na chupa ya mafuta ya ngazi, yale mekundu ya mawese. Nikasema: "Yenga. Misa ya kwanza." Yenga ni siku ya Mungu, Jumapili, kama hamjui. Kila nikikumbuka, ninaona nilichagua saa ambayo mzee alikuwa amepiga magoti.

Yenga ile alikuja na koti lake jeusi la misa, akaweka mgongo wa mkono kwenye mlango wa moto.

"Moto njo hii."

Nikaweka wangu. "Nimeshika."

Alipopinda kona, nilivuta moto wote nje kwa reki. Niliutandaza uani, nikaumwagia maji. Nilifanya vizuri. Hilo ndilo linalonishangaza mpaka leo, nilifanya vizuri: nilitandaza majivu sawasawa, kutoka ukutani kuja mlangoni, jinsi alivyonifundisha ili yapoe upesi. Wakaja watu watano, nyundo, misumeno, funguo kubwa za vyuma, na puspus mbili za kubebea. Wakaanza kupiga.

Padri alikuwa anaumwa siku ile. Misa haikuwa na mahubiri. Makinisye alitokea mlangoni wakati wamefungua bolti chache tu.

Nyundo zikanyamaza. Mwenye koti la ngozi akaingiza mkono mfukoni, sijui alikuwa na nini mle. Mzee hakupiga kelele. Alivua koti, akalitundika kwenye msumari, akaenda, akagusa chuma kwa mgongo wa mkono.

"Maji mulitosha?"

Alitaka kujua kama wameyatoa. Wakatazamana.

"Niko nauliza. Maji mulitosha?"

"Hapana, muzee," mmoja akasema.

"Basi weye uko mbele pale, toka. Utaiva sawa kambale."

Akafungua bomba la chini mwenyewe. Maji yakatoka kwa moshi na kelele, yakakimbia uani, yakachukua majivu. Aliwangojesha mpaka tone la mwisho. Kisha akakaa juu ya gogo langu la kupasulia kuni, akaanza kuwaonyesha.

"Si hiyo. Ile ya chini. Ukianza na ya juu itakuangukia, na mama yako atakuja kulia hapa kwangu."

Wakaanza kumjibu ndiyo Makinisye, hapana Makinisye, sawa wanafunzi. Ilichukua mpaka jua limegeuka. Sijawahi kuona kitu kikivunjwa kwa utaratibu vile. Mimi nilisimama kando ya fungu la kuni, sikujua mikono yangu niiweke wapi.

Puspus zilienda na kurudi; ya mwisho ilipoondoka, ndipo akanitazama.

"Nilikuachia moto."

"Balikuya bengi, Makinisye," nikasema. "Nilishindwa. Balizima kwa nguvu."

Akatazama uani. Maji hayakufika pande zote. Karibu na ukuta majivu yalikuwa bado pale, yametandazwa vizuri, bila hata alama ya mguu. Mtu anayezima moto kwa nguvu hatandazi majivu. Aliyatazama sana. Nikajua anajua, naye akajua ninajua.

"Bon," akasema. Akachukua koti lake.

Juma lile akaondoka Panda, akaenda kukaa kwa binti wa dada yake, upande wa Buluo, si mbali na gereza kubwa. Sikwenda kumuaga. Nilijisemea nitaenda Yenga ijayo. Ziko Yenga nyingi katika miaka, mnajua. Vita vikaja, bendera ikabadilika, jina la nchi likabadilika, jina la pesa likabadilika. Mimi nilikuwa bado na lile neno. Kila mtu aliyetoka Buluo nilimuuliza kwa ujanja: ule muzee wa maji ya moto angali? Wananiambia angali, lakini macho yanaenda. Narudi nyumbani nimefurahi na nimeogopa.

Kisha binti yangu mkubwa akashikwa na uchungu. Tukampeleka maternite. Muuguzi akatuambia leteni taa, leteni kitambaa, leteni maji ya moto kutoka nyumbani. Nikachemsha maji kwetu, nikayabeba kwenye sufuria iliyofunikwa, nikapita kambi yote mbio mbio, yakinimwagikia kwenye miguu. Nilipofika nikaweka mgongo wa mkono majini. Yalikuwa vuguvugu. Muuguzi akasema tutafanya nayo vilevile. Mtoto alizaliwa, yuko, asante Mungu. Lakini siku ya tatu nilichukua baiskeli nikaenda Buluo.

Nilimkuta nje, kwenye mkeka, anamenya maharagwe kwa vidole, macho yameingia ukungu mweupe. Binti wa dada yake alikuwa analima mihogo pale karibu. Akaacha jembe, akanipa kiti, akarudi kwa kazi yake.

"Nani?"

"Ni minye, Makinisye. Mutu wa kuni."

"Ah." Akaendelea kumenya. "Baiskeli ile bado inalia nyuma."

Nilikuwa nimeandaa maneno njia yote. Yote yakapotea. Nikasema tu: "Makinisye, siku ile nilidanganya. Hawakunishinda. Saa njo minye niliwaambia. Na moto nilizima minye, na mikono yangu."

Vidole vyake havikusimama. Nilisikia maharagwe yakianguka ndani ya sahani ya bati, moja, moja.

"Batoto balikula?"

"Balikula."

"Siku ngapi?"

"Haikufika juma mbili."

"Balikupa nini?"

"Nusu gunia ya bunga. Na chupa ya mafuta."

Akapiga ulimi. "Balikuibia."

Binti alikuwa anaimba kitu cha kanisani kule kwenye mihogo.

"Juu ya nini haukuniomba?" akauliza.

"Nikuombe nini, Makinisye? Tuivunje shodiere yako?"

"Ungeniomba. Siku ya kwanza ningekatala. Ya pili ningekutukana. Ya tatu ningekuonyesha mabomba."

"Mabomba gani?"

Hapo akaacha maharagwe. Akaniambia kwamba wakati wa kuifunga shodiere hapa Panda, hakukuwa na bomba la kupeleka maji maternite. Akachukua yale mawili yaliyokuwa yanapeleka moshi wa maji kwenye mashine ya Kabuluku, shaba tupu, akayafukia mwenyewe chini ya ardhi. Kutoka ukuta wa nyuma wa nyumba ya maji ya moto, hatua kumi kuelekea maternite, kina cha magoti. Wale vijana hawakuyajua. Waliochimba kambi yote hawakuyajua.

"Yangali kule," akasema. "Moja ni yako. Ingine ni ya huyu," akaonyesha kwa kidevu kule binti anakolima. "Iko nanilisha miaka yote hii, na haijaniuliza nitakufa lini."

Mwisho nikamuuliza kama amenisamehe. Niliuliza vibaya, sawa mtoto anayeomba sukari.

Akafikiri. "Kusamehe ni kazi," akasema, "na minye niko retrete." Kisha akatafuta sahani kwa mgongo wa mkono, akaipata, akaanza tena kumenya. "Enda kuchimba muchana. Usiende sawa mwizi."

Nilienda. Msinifikirie vibaya, ao nifikirieni mnavyotaka. Njaa ilikuwa bado haijaondoka nyumbani. Nilienda Jumanne asubuhi, jua limetoka, na jembe na sepetu, watu wanapita. Nilihesabu hatua kumi. Mama mmoja mwenye beseni kichwani akasimama, akaniuliza natafuta nini pale.

"Mabomba."

"Ya nani?"

"Ya Makinisye," nikasema.

"Na alikubali?"

"Alikubali, mama."

Akanitazama kidogo, akaenda zake. Yalikuwako yote mawili, ya kijani kwa udongo, na nilipokwaruza na ncha ya jembe yakawa mekundu. La kwangu niliuza. La yule binti wa Buluo nilifunga kwenye baiskeli, nikaisukuma kwa miguu mpaka Buluo, njia yote, maana lilikuwa refu kupita baiskeli na sikutaka kulikata.